Cheti cha udereva cha onlaini kilichogoma Moshi kikagoma na Houston

Hiki kisa nimeomba ruhusa kwa mwenyewe na kwa mama yake kabla ya kukiandika, majina nimeyaacha. Mi nina stesheneri hapa Moshi mjini, sio mbali na stendi, kazi zangu ni hizi mnazozijua, TIN, maombi ya vyuo, vyeti vya kuzaliwa, kuprinti, kuskani, na watu wengi wanaohangaikia leseni wanapita kwangu kutoa kontroo namba ya TRA, yaani namba ya kulipia ya mamlaka ya mapato. Kwahiyo mambo ya leseni nayaona kila siku, na bado hili lilipita mbele ya macho yangu, kwenye kompyuta yangu, tena mi ndo niliyembonyezea sehemu ya kulipia. Limeniuma, ndo maana naliandika lote.

Binti ni wa Rau, ana miaka 20, kapata chuo Houston kule Texas, shangazi yake anaishi hukohuko na ndo atakayempokea. Safari ni mwezi wa nane. Mwezi wa pili akaja ofisini, shikamoo anko, akanionyesha tangazo kwenye simu, kozi ya udereva ya onlaini, dola 45, limeandikwa cheti chake kinakubalika kila jimbo la Marekani na nchi zaidi ya mia moja. Hesabu yake ilikuwa hivi, akimaliza hiyo kozi atakuwa kaua ndege wawili, hapa Moshi ataenda shule ya udereva akiwa tayari ana cheti cha nadharia kwahiyo atalipia mafunzo ya barabarani tu, na kule Houston akifika anaenda moja kwa moja kuchukua leseni. Ukimsikiliza haraka haraka ni hesabu nzuri. Hela ilikuwa ya mama yake, anauza ndizi soko la Kiboriloni, nasisitiza hili kwa sababu dola 45 ukiisoma kwenye skrini inaonekana ndogo lakini kwa mtu anayeamka saa kumi usiku kupokea mikungu sio ndogo hata kidogo.

Tukalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Wakataka apandishe picha ya pasipoti, ukurasa wenye sura, akapandisha. Akakaa kompyuta ya dirishani akaanza kusoma.

Sasa hapa kuna kitu nilikuja kukiona baadae sana. Mi intaneti natoza kwa saa, na kila mteja namwandika kwenye daftari kaingia saa ngapi katoka saa ngapi. Yule binti aliingia saa nane kamili mchana akatoka saa kumi na dakika kumi, siku hiyohiyo moja, na ndani ya huo muda alisoma kozi yote, akafanya mtihani, akafaulu, akapakua cheti. Masaa mawili na dakika kumi. Cheti chenyewe kilikuwa PDF, kina mhuri wa dhahabu, kina saini, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye jina hili kamaliza masaa 30 ya elimu ya udereva. Nilikiprinti mimi, karatasi ngumu, rangi, nikampongeza. Hiyo namba 30 na hayo masaa mawili vilikuwa mezani kwangu siku moja na sikuvilinganisha.

Kesho yake akaenda nacho shule ya udereva hapahapa mjini. Yule mwalimu namshukuru, mtu mwingine angemcheka mtoto. Alikishika, akakigeuza nyuma mbele, akamuuliza hiki kimetoka Marekani? Akasema ndio. Basi akachukua vizibo vya soda akavipanga mezani kwa duara, akasema hii ni kipilefti ya Mnara wa Saa, hiki kizibo ni wewe unatokea huku, hawa wawili wako tayari ndani au wanaingia, unampisha nani? Binti akajibu kwa kujiamini kama alivyosoma, nampisha anayetoka kushoto kwangu. Na kwa Marekani kajibu sahihi kabisa, kule wanaendesha upande wa kulia, kwahiyo magari ndani ya mzunguko yanakuja kutoka kushoto. Kwa Moshi ukifanya hivyo unaingia mbele ya daladala inayokuja kulia kwako na ina haki ya kupita. Yaani hata jina lenyewe tunaita kipilefti, kaa kushoto, neno limebeba sheria ndani yake. Mwalimu akarudisha vizibo kwenye droo akamwambia mwanangu, hapa utaanza nadharia upya, na hiki sikipokei, sio kwa ubaya, hata nikikipokea trafiki hatakipokea.

Huyo mwalimu alikuwa sahihi, na wengi wanaokuja kwangu wanachanganya hapa. Sheria yetu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Mlolongo wake ni mmoja na kila ngazi ina mwenyewe. Unakata lena, yaani leseni ya kujifunzia, ambayo inaishi miezi mitatu, umri miaka 18 kwa gari. Ukiwa na lena huendeshi peke yako, unakuwa na mwalimu pembeni na gari ina alama ya L. Unasoma shule inayotambulika hapa nchini. Halafu trafiki ndo anakupima, nadharia na barabarani, ukifaulu unapata cheti cha umahiri, na hicho ndicho kinachoingia kwenye mfumo ndo TRA wanakuchapia kadi, shilingi 70,000 kwa miaka mitano. Sasa angalia vizuri hizo ngazi, hakuna hata moja ambayo inasema leta cheti kutoka popote. Hata kama kile cha dola 45 kingekuwa halali asilimia mia kule kilikotoka, hapa hakina pa kukaa. Trafiki hajakataa kwa roho mbaya, sheria imempa kupima mtu aliyefunzwa ndani ya mfumo huu, kwa alama hizi, kwa upande huu wa barabara, mwendo wa 50 kwenye makazi ya watu.

Na nje kidogo ya mada, vijana wanaotaka kuendesha watalii, msidhani ukishapata leseni ya daraja D umemaliza. D ni ya gari binafsi. Ukitaka kubeba abiria wa kulipa ni madaraja ya C, na hayo yana mafunzo yake ya ziada, watu wanaenda NIT, chuo cha usafirishaji, au VETA, vyuo vya ufundi stadi. Kozi ya usiku mmoja kwenye simu haifiki hata mlangoni.

Basi binti akarudi kwangu analia. Nikamwambia tulia, huku imegoma lakini labda Houston itafaa, si ndo cheti cha Marekani. Nilikuwa naongea kama mtu wa kumtia moyo, sikuwa najua. Usiku wa saa tatu tukampigia shangazi, kwao ilikuwa saa sita mchana, yuko kwenye mapumziko ya kazi. Nikamtumia picha ya cheti. Akasema ngoja. Baada ya nusu saa akapiga yeye, sauti imebadilika.

Hapa ndo nilijifunza mambo ambayo sikuyajua na nayaweka kwa urefu kwa sababu watoto wetu wengi wanaenda huko. Kwanza Marekani hakuna leseni ya udereva ya taifa zima. Kila jimbo lina sheria yake, ofisi yake, umri wake, masaa yake. Kwahiyo sentensi ya "kinakubalika kila jimbo" peke yake ilitosha kutushtua. Texas kozi za udereva zinasimamiwa na idara yao ya leseni na udhibiti, inaitwa TDLR, ilichukua kazi hiyo mwaka 2015 kutoka idara ya elimu ya jimbo. Leseni yenyewe inatolewa na ofisi nyingine, DPS, idara ya usalama wa umma. Ofisi mbili, moja inaangalia nani anafundisha, nyingine inaangalia nani anaendesha. Na shule, hata ya onlaini, lazima iwe na leseni ya TDLR, kuna orodha kwenye tovuti yao unatafuta jina la shule na namba yake. Shangazi alitafuta ile shule yetu kwa jina, akatafuta kwa anwani, haimo.

Pili, masaa. Texas mtu wa miaka 18 mpaka 24 anayeomba leseni kwa mara ya kwanza lazima apite kozi ya watu wazima ya masaa sita, ni lazima tangu mwaka 2010, ukishafika 25 sio lazima tena. Binti wetu ana 20 kwahiyo inamhusu. Na hiyo kozi ya masaa sita inaruhusiwa kuwa onlaini, tena ukifaulu mtihani wa mwisho humo ndani hurudii ule wa maandishi pale DPS. Kwahiyo naomba nieleweke, tatizo halikuwa neno onlaini. Onlaini kule ni halali kabisa ikiwa na mwenye leseni nyuma yake.

Lakini cheti chetu kiliandikwa masaa 30. Shangazi ana kijana wake wa miaka 16, anajifunza sasa hivi, na yeye kwa umri huo anatakiwa masaa 32 ya darasani na masaa 44 ya kwenye gari, ambayo ndani yake kuna saba ya kuendesha na mwalimu, saba ya kukaa kuangalia mwenzio akiendesha na thelathini ya mazoezi na mtu mzima, kumi kati ya hayo yawe usiku. Kwahiyo sio sita, sio 32. Sasa 30 imetoka wapi? Tukahangaika mpaka tukaja kuona ni hesabu ya California, kule mtoto wa chini ya miaka 17 na nusu ndo anatakiwa masaa 30 ya darasani au onlaini, na masaa sita ya barabarani na mwalimu. Na California mtu wa miaka 18 na kuendelea hawamdai kozi ya namna hiyo kabisa. Kwahiyo kile cheti, ukikisoma kwa makini, kilikuwa cha mtoto, wa jimbo lingine, kimepewa mtu mzima anayeenda Texas na anayekaa Rau. Hakikuwa na mtu hata mmoja duniani anayemfaa, labda kingemfaa kijana wa California, na kwake pia kingehitaji shule iwe na leseni ya DMV, idara ya magari ya huko.

Nikarudi kwenye daftari langu. Masaa mawili na dakika kumi. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho naona ndo kiini cha kisa kizima. Sheria za hawa watu zinahesabu muda. Hazisemi tu ujue, zinasema ukae masaa kadhaa ukifundishwa. Kwahiyo kozi halali ya onlaini lazima iwe na saa inayotembea, inakuzuia kuruka ukurasa, na katikati inakuuliza maswali ya kuhakikisha ni wewe uliyekaa pale na sio mdogo wako. Ile yetu alikuwa anabonyeza mbele, mbele, mbele, na tangazo lilijisifia kabisa maliza kwa kasi yako. Kwa mteja inaonekana ni huduma nzuri, kumbe ni ushahidi kwamba hakuna anayeikagua. Ukiona kozi ya udereva inajisifu kwamba inaisha haraka, hiyo haijauza mafunzo, imeuza karatasi. Na karatasi hiyo inampa mtu ujasiri wa kukaa nyuma ya usukani, barabara hii yetu ya Moshi Arusha mnaijua, pale Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River, malori, noah, bodaboda, watoto wa shule wanavuka.

Tukaanza kudai hela. Nikaandika imeili kwa niaba ya binti, nikaambatanisha tangazo lao na majibu ya shule ya udereva ya hapa Moshi. Wakajibu kwamba hela hairudi kwa sababu mteja ameshamaliza kozi na ameshapakua cheti. Nikaandika tena, nikauliza leseni yenu imetolewa na nani na namba yake ni ngapi. Kimya. Mara ya tatu, kimya.

Kisheria tuko wapi? Huku kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mkataba uliofanyika mtandaoni, yaani kubonyeza nakubali ni mkataba, na inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mteja. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara. Kwahiyo haki ipo kwenye vitabu. Ila muuzaji yuko nje, hana ofisi hapa, anwani aliyoweka ni sanduku la barua tu, na kwa dola 45 hakuna atakayefungua kesi ya kuvuka bahari. Mi nasema ukweli ulivyo, sitaki mtu asome hapa aende Tume ya Ushindani akidhani kesho hela itarudi. Njia tuliyoiona ina maana zaidi ni shangazi kupeleka lalamiko TDLR, kwa sababu wao wanapokea malalamiko ya mtu anayeuza kozi Texas bila leseni yao, na kalipeleka.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ya hela ni pasipoti. Ukurasa wenye sura, namba, tarehe ya kuzaliwa, umekaa kwa watu ambao hatujui ni nani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na iliyowekwa wazi, na zisikusanywe zaidi ya zinazohitajika. Niliwaandikia wafute. Hawajajibu. Na mimi kwenye ofisi yangu nilikuwa naacha skani za wateja kwenye kompyuta miezi, siku hiyo nikakaa mpaka saa nne usiku nafuta, na sasa hivi kila mteja akitoka faili lake linatoka.

Binti akaanza upya. Mama yake akaja mwenyewe ofisini na kanga begani, hakunilaumu hata neno moja, akauliza tu, sasa baba, hiyo ya hapa Moshi ni ya ukweli? Nikamwambia ni ya ukweli mama, nikampeleka mwenyewe kwa yule mwalimu wa vizibo. Akakata lena, akasoma nadharia na wenzake, mwezi mzima asubuhi ukipita barabara ya kuelekea Majengo unaiona ile gari ya shule na L yake inakwenda polepole, mara nyingi alikuwa yeye. Mtihani wa trafiki alifaulu mara ya kwanza, D imetoka.

Swali likabaki la Texas, je leseni yetu ya Tanzania itambadilishia? Texas wana makubaliano ya kubadilishana leseni na nchi chache, kama Ufaransa, Ujerumani, Korea Kusini, sisi hatumo. Kwahiyo akifika ataanza kule kama mtu mpya, masaa yake sita, kisha video ya bure ya lisaa limoja ya DPS ambayo mtu lazima aangalie kabla ya mtihani wa barabarani, na cheti cha hiyo video kinaishi siku 90 tu, kwahiyo ukiiangalia mapema sana kinakufia mkononi. Tumekubaliana asinunue chochote akiwa Moshi. Afike, apate anwani yake ya pale, ndo asome.

Wiki iliyopita shangazi alituma jina la shule na namba yake ya leseni. Safari hii niliifungua ile orodha ya TDLR mimi mwenyewe, nikaandika namba, ikatokea, jina ni lilelile, kozi ni ya watu wazima ya masaa sita, onlaini. Nikaprinti huo ukurasa, nikampa binti auweke kwenye faili lake pamoja na fomu za chuo. Hela ya kuprinti nilikataa.